Maji Hugoma Jumatatu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Gasper amenipa daftari hili. Anataka kila siku niandike mashine imefanya nini, nimechonga meno mangapi, na kama kuna tatizo limeanza saa ngapi. Nimemwambia mimi ni fundi, si karani. Akasema kazi ya Munanila si ya kubahatisha, safari hii anataka maandishi. Karakana ni yake, basi naandika.

Kazi yenyewe ni gia nne kubwa za mashine za kumenya kahawa, mali ya chama cha wakulima wa Munanila. Kila gia ina meno hamsini na mawili. Wanazitaka tarehe 5 Julai, bila kuongeza hata siku. Kahawa imeshaanza kuiva, na mbivu ikilala bila kumenywa inachacha, daraja linashuka, na jasho la mwaka mzima linauzwa kwa bei ya takataka. Visu vya kuchongea meno ya ukubwa huo tunavyo viwili tu hapa Kasulu. Cha tatu labda Mwanza, labda hakuna.

Mashine ya milingi, hii ninayoitumia kuchonga meno, tangu Machi ina pampu. Zamani nilikuwa nadondoshea kisu maji kwa kopo lililotobolewa. Sasa pampu inavuta maji ya kupoozea kutoka kwenye tangi la chini, meupe kama maziwa, inayamwaga juu ya kisu, yanaanguka mezani, yanafuata mifereji ya meza na kurudi tangini. Raha tupu, yakikubali. Leo saa mbili asubuhi yamegoma. Nimefungua chujio nikakuta tope la kijivu limejaa chenga za chuma, zito kama ugali uliopoa. Nimechokoa kwa waya mpaka nikachoka. Ilipofika saa tano yakaanza kutoka yenyewe, kana kwamba yalikuwa yamelala.

Tuko wanne. Gasper ni bosi. Mzee Makarius ni mkerezaji, ndiye aliyenifundisha kazi nikiwa binti wa miaka ishirini na mitano. Mimi Winifrida, hapa naitwa Mama Elieth. Wa nne ni Mrundi, aliyekuja Aprili. Jina lake Reverien, na karatasi za uraia anazo. Alizaliwa kambini humuhumu mkoani, ufundi amesomea Kibondo na familia yake iko huko. Lakini tunamwita Mrundi na anaitika. Ni Msabato. Jumamosi haji, kwa hiyo anafidia Jumapili, peke yake, sisi tukiwa kanisani. Gasper kampa ufunguo. Mimi sijaupenda mpango huo.

Jumanne, 3 Juni

Maji mazuri. Meno kumi.

Alhamisi, 5 Juni

Baridi ya kiangazi imeingia. Asubuhi vidole havishiki spana mpaka nivipulizie. Gasper amepita mara tatu kuuliza kama nimeandika. Nimeandika.

Jumamosi, 7 Juni

Nusu siku. Gia ya kwanza imefika meno thelathini na tisa. Tumefagia, halafu nimepaka mashine mawese kama kila Jumamosi. Huo ni utaratibu wa Mzee Makarius tangu enzi hizo. Grisi ni ya kununua, mawese yako kila nyumba, na chuma kilichokunywa mawese hakishiki kutu. Nayeyusha chupa kwenye jiko la chai, namimina mezani bila ubahili, natandaza kwa kitambaa, naondoka naiacha inywe mpaka Jumatatu. Mzee anasema mashine inayotunzwa hivi itamzika fundi wake.

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeunguza kisu.

Saa mbili niliwasha. Maji yakatoka, membamba kuliko kawaida lakini yakatoka, nikajiambia yatakaa sawa. Nikaanza jino la arobaini. Kazi hii ni ya kuhesabu. Ukimaliza jino unazungusha sahani yenye matundu, unahesabu matundu, unafunga, unaanza jino jingine. Ukiruka tundu moja, gia nzima ni chuma chakavu. Kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwenye sahani, nikijua maji yako kazini.

Nilisikia mlio kabla sijaona kitu. Kisha harufu. Nilipogeuka palikuwa na moshi, bomba kavu, na kisu kimekuwa cha bluu. Nikapiga swichi. Sijui zilipita sekunde ngapi, labda ishirini. Kisu kimekwisha, makali yamelainika, hakifai hata kufungulia soda.

Nilikaa sakafuni nikalia, na siandiki hivi kwa kujisifu. Miaka ishirini na mmoja kwenye mashine, sijawahi kuunguza kisu. Mzee Makarius alizima mashine yake, akaja akasimama karibu nami.

Gasper alikishika kile kisu akakigeuzageuza. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alisema kimebaki kimoja, na hicho nacho kikiungua yeye atasimama mbele ya wakulima wa Munanila kuwaambia wamwage kahawa yao. Halafu akauliza nani aligusa mashine mara ya mwisho. Sote tuligeuka kumtazama Mrundi. Akasema ndiyo, jana alikuwepo, alifanya usafi kama kila Jumapili. Gasper akatamka mbele yetu wote kwamba mashine ikiziba tena kwa mkono wa mtu, mtu huyo anaondoka siku hiyohiyo.

Nimefungua chujio. Tope lilelile.

Jumanne, 10 Juni

Maji mazuri leo. Nimekaa na daftari nikahesabu. Tarehe 2 ilikuwa Jumatatu. Tarehe 9 Jumatatu. Mzee Makarius anakumbuka hata mwezi uliopita, siku chujio lilipoziba mara ya kwanza, ilikuwa Jumatatu. Kuanzia Jumanne mpaka Jumamosi hakuna shida. Na anayekuwa hapa Jumapili ni mmoja tu. Mimi si mtu wa kusingizia watu, lakini hesabu ni hesabu.

Alhamisi, 12 Juni

Gia ya kwanza imekwisha, kwa kisu cha pili. Siamini tena pampu. Nimesimamia kila jino, mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto umeshika kopo la maji kwa tahadhari. Bega linawaka.

Jumamosi, 14 Juni

Nusu siku. Usafi, mawese, nyumbani.

Jumatatu, 16 Juni

Nilijua. Nilikuja saa moja kasoro, kabla ya wote, nikawasha pampu bila kuwasha kisu. Ikanguruma, hakuna tone. Nikafungua chujio, nikamwita Gasper aje aone kwa macho yake.

Nikiwa bado nachokoa, Mrundi akasogea. Akachota tope kwa kidole, akaliweka kiganjani, akafumba ngumi, akasubiri. Alipofumbua, lilikuwa limeyeyuka. Zimebaki chenga zinaogelea ndani ya mafuta.

"Mama Elieth," akasema, "huu si uchafu wa chuma peke yake. Kuna mafuta ya kuganda humu. Nani anayaweka?"

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Mtu wa miezi miwili, mashine yenyewe nimeijua yeye akiwa shule ya msingi, ananiuliza mimi nani anaweka. Nikamjibu: "Wewe ndiye unayebaki hapa Jumapili. Jiulize mwenyewe."

Akajifuta mkono, akarudi kwenye kazi yake ya kuchomelea. Gasper alisikia yote.

Alhamisi, 19 Juni

Mwenyekiti wa Munanila, mzee Pasikali, amepiga simu. Kahawa inaletwa kwa magunia na wamebaki na mashine moja mbovu ya kuzungusha kwa mkono. Wanawake wanapokezana tangu alfajiri na bado mbivu nyingine inalala. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo imenitesa zaidi. Nimefika jino la arobaini na nne la gia ya pili.

Jumamosi, 21 Juni

Gia ya pili imekwisha jana. Leo nimefanya usafi, nimepaka mawese, kisha nimefanya jambo jingine. Nimepiga mstari wa chaki kutoka kwenye mfuniko wa tangi hadi ubavuni mwa mashine. Mfuniko ukiinuliwa, hata kwa uangalifu gani, nusu mbili za mstari hazitakutana tena. Mzee Makarius aliniona. Akanitazama kwa muda, kisha akavaa koti lake akaondoka.

Jumatatu, 23 Juni

Mstari wa chaki umekatika na bomba limeziba.

Nilimwita Gasper nikamwonyesha vyote viwili. Sikusema mengi, ushahidi ulikuwa unaonekana. Gasper akamwita Mrundi, akamuuliza kama jana alifungua tangi. Hakukana hata kidogo.

"Nilifungua," akasema. "Kila Jumapili nafungua. Natoa utando wa juu, nachuja maji kwa kitambaa, nayarudisha. Nisipofungua mtakuta mabaya zaidi."

Gasper akauliza nani alimtuma. Akasema hakutumwa na mtu, usafi nao unangoja kutumwa? Hapo akawa amejimaliza. Gasper anachukia mtu anayejibu swali kwa swali, na leo alikuwa na Munanila kichwani. Akamwambia aweke ufunguo.

Alivua ovaroli, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akaiweka mezani na ufunguo juu yake. Akamuaga Mzee Makarius kwa mikono miwili. Mimi akanitazama tu. Nilitazama sahani yangu ya matundu.

Nitaandika ukweli: alipotoka nilijisikia mwepesi. Mchana maji yalitoka safi, nikachonga meno tisa bila kopo.

Jumatano, 25 Juni

Maji mazuri. Meno kumi na mawili. Mjini wameshajua. Muuza chai ameniuliza kama ni kweli yule mkimbizi alikuwa anatia mafuta kwenye mashine ili kutuharibia. Nimesema kaondoka, basi. Sikumsahihisha hilo neno mkimbizi.

Jumamosi, 28 Juni

Gia ya tatu imekwisha. Watu wanachoma mashamba, vumbi na majivu vinaingia mpaka ndani ya droo. Nimepaka mawese mara mbili ili mashine isidhurike. Jumatatu naanza ya mwisho kwa amani.

Jumatatu, 30 Juni

Leo naandika yote.

Saa moja asubuhi nimewasha pampu. Imenguruma, imekohoa, imenyamaza. Si tone. Nimefungua chujio, waya hauingii kabisa. Jumapili nzima karakana ilikuwa imefungwa. Hakuna mtu aliyekanyaga humu, na ufunguo wa Reverien uko mfukoni mwa Gasper.

Basi nikainua mfuniko wa tangi. Tangu Machi sijawahi kuuinua mimi. Mimi ni wa chujio na bomba, tangi niliona ni la kutunzia maji tu. Juu ya maji kulikuwa na utando mgumu, unene wa kidole, rangi ya chungwa iliyopauka, umenasa chenga kila mahali. Nikabandua kipande, nikakiweka kiganjani, nikafumba kama alivyofumba yeye. Baridi yote ile, mkono wangu ulikiyeyusha. Nikafumbua, nikanusa. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama yangu.

Nikainua macho kwenye meza ya mashine. Mawese niliyomimina Jumamosi yalikuwa yameteremka kwenye mifereji na kuganda humo, mekundu, mstari mmoja kutoka mezani hadi kwenye tundu la kurudishia maji. Njia yote ilikuwa inaonekana, mtoto angeweza kuifuata kwa kidole. Na rafuni chupa yangu imesimama, mawese ndani yameganda kama mshumaa, kama yanavyoganda kila asubuhi ya Juni katika kila nyumba ya Kasulu. Kila Jumamosi nimekuwa nikiyayeyusha kwa jiko kwa mkono wangu huu. Wakati wa kopo hayakuwa na pa kwenda, yalidondoka sakafuni tukayafagia. Tangu pampu ije, yanakwenda tangini. Jumatatu asubuhi yanaziba, jua likipanda yanalainika, mimi natazama kalenda na kumtafuta mtu.

Nilitoka nje nyuma ya karakana, kwenye shimo la taka. Lundo la utando lilikuwepo, tabaka juu ya tabaka, la kila Jumapili, na kuku wanachakura. Yule mtu alikuwa anatoa nilichokuwa natia. Ndiyo maana nilikuwa nazibua kwa waya tu. Leo, bila yeye, waya haukuingia.

Aliniuliza nani anayaweka. Alikuwa hajui, kwa sababu Jumamosi hayupo. Na mimi sikujua afanyalo yeye, kwa sababu Jumapili sipo. Wiki nane tumefanya kazi kwenye mashine moja kwa zamu, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Nimemwambia Mzee Makarius. Alikaa kwenye ndoo, akavua kofia, akaishika magotini. Ni yeye aliyenifundisha kupaka, nilimwona akilitafakari hilo. Mwisho akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha: "Mwana wanje, imebaki gia moja. Maliza kwanza. Mtu ameshaondoka, haondoki mara mbili."

Nimemwaga maji yote. Nimeosha tangi kwa maji ya moto na sabuni, nimesugua mifereji, nimepiga bomba upepo. Nimemwambia Gasper kwamba chujio lilihitaji usafi mkubwa. Sikusema zaidi. Saa nane mchana maji yalitoka kwa nguvu ambayo sijaiona tangu mashine ifungwe pampu.

Jumanne, 1 Julai

Maji mazuri. Meno kumi na matatu.

Jumatano, 2 Julai

Meno kumi na matatu. Nimejiambia nikisema sasa Gasper atachanganyikiwa, ataniondoa kwenye mashine, na hakuna mwingine wa kumaliza, wakulima wataumia. Nimelisoma tena hilo nililoandika. Nusu yake ni uongo. Naogopa, basi.

Ijumaa, 4 Julai

Jino la hamsini na mbili saa tisa na robo. Kisu kizima, hakina hata alama. Gasper amenikumbatia mbele ya wateja.

Jumamosi, 5 Julai

Tumekwenda Munanila na pikapu ya Gasper, mimi, yeye na gia nne zimefungwa magunia. Ukungu ulikuwa bado umekaa mabondeni tulipofika. Foleni ya watu wenye ndoo na mabeseni ya kahawa ilianzia mlangoni mwa banda ikazunguka hadi nyuma, wengi wao kina mama wenye watoto mgongoni. Nilifunga gia mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka saa nane. Walipowasha, maganda mekundu yakaanza kumwagika upande mmoja na kahawa nyeupe upande mwingine. Mzee Pasikali akanishika mikono yote miwili akaitikisa, hakuiachia. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilipewa kuku na ndizi, na mama mmoja akaniambia kwa Kiha kwamba nimewaokolea ada ya shule ya watoto wao.

Nilifurahi, siwezi kukataa. Furaha ilinipanda mpaka machozi. Lakini ilikuwa na kitu cha kukwaruza ndani.

Njiani kurudi Gasper alikuwa anacheka na kupiga honi. Katikati ya porojo zake akasema juzi Alhamisi alipigiwa simu na mwenye karakana mmoja wa Kibondo. Reverien alikuwa ameomba kazi huko, na yule bwana alitaka kujua ni mtu wa namna gani. Gasper akamwambia asimpe mashine yoyote. Nikamuuliza, akakubali? Akasema yule bwana alimshukuru sana.

Alhamisi ilikuwa tarehe 3. Mimi nilijua tangu tarehe 30.

Jumapili, 6 Julai

Nimekwenda Misa. Sikupokea komunyo. Elieth ameniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 7 Julai

Maji yalitoka mara moja, asubuhi, kwenye baridi. Jumamosi sikuipaka mashine chochote. Hapo sikuwa tena na pa kujificha.

Nimemweleza Gasper, nikamwonyesha mifereji, chupa na lundo la nyuma. Nilidhani atanifukuza. Alikuna kichwa, akacheka kidogo, akasema kumbe wewe mama, kisha akasema la muhimu gia zimefika. Reverien akitaka arudi, kazi ipo. Nikamwambia hiyo haitoshi, ampigie yule bwana wa Kibondo amwambie alikosea. Akasema atapiga. Najua "nitapiga" ya Gasper.

Mzee Makarius ameichukua chupa ya mawese rafuni akaenda nayo nyumbani kwake. Hakusema anakwenda kuipikia au kuitupa.

Jumanne, 8 Julai

Gasper hajapiga.

Alhamisi, 10 Julai

Hajapiga. Nami nimepata kazi ya shafti ya trekta, nikasema nitakwenda Kibondo nikiimaliza. Imekwisha saa sita mchana. Bado niko hapa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimesimama mlangoni mwa ofisi mpaka amepiga. Nimesikia kwa masikio yangu. Yule bwana amesema asante kwa taarifa, ila nafasi alishampa mwingine wiki iliyopita.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda jana kwa sababu jana ni siku yao ya kusali. Leo nimeacha Misa nikapanda gari la saa kumi na mbili. Saa tatu nilikuwa Kibondo, sokoni nikaulizia, nikaelekezwa nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Nimebeba sukari na sabuni kama mtu anayekwenda kusalimia. Nilitamani kuvitupa njiani.

Reverien alikuwa uani anaziba ndoo ya jirani kwa risasi iliyoyeyushwa. Mke wake, Jeanne, alikuwa mkekani anachagua maharage kwenye ungo. Nilibisha hodi, wakanikaribisha, nikaletewa kiti na maji ya kunywa. Waliuliza safari, nyumbani, watoto. Hakuna aliyeuliza nimefuata nini. Yeye aliendelea na ndoo yake.

Nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yalipotea, kwa hiyo nikasema kama yalivyokuwa: mawese ni yangu, nilikuwa nayamimina kila Jumamosi kwa mkono wangu, yanaganda, wewe ulikuwa unayatoa, mimi nikakuwekea chaki. Nikasema Gasper anamwita kazini. Nikasema nisamehe.

Aliweka ndoo chini.

"Ulijua lini?" akauliza.

Ningeweza kusema juzi. Nikasema, "Tarehe 30 Juni. Jumatatu, saa moja asubuhi."

Akahesabu, midomo ikicheza bila sauti. "Yule bwana hapa alinikatalia tarehe 3," akasema. "Alhamisi."

Nikasema najua. Nikasema nilitaka kumaliza gia kwanza, kisha nikaogopa. Hakunitukana. Nilimwambia tena kuhusu kazi, akasema ya kazi tutaongea siku nyingine. Halafu akanyoosha mkono kumwelekea mkewe, bila kumtazama.

"Mwambie Jeanne," akasema. "Hayo yote uliyoniambia mimi, mwambie yeye. Mwambie kwa Kiha, asikie vizuri."

Sikuelewa mara moja. Jeanne alikuwa palepale, hatua tatu kutoka kwangu, na alikuwa ameshasikia kila kitu. Nilimtazama, nikaona mikono yake imesimama juu ya ungo, na macho hayainuki. Hapo nikaelewa. Maneno ya Kasulu yalikuwa yamefika mpaka ndani ya nyumba hii, na yeye alikuwa ameyaamini, labda si yote, labda kwa siku chache tu.

Nikashuka kwenye kiti nikakaa mkekani. Kiha changu na Kirundi chao ni kama maji ya mto mmoja, sikuhitaji kutafuta neno. Nikarudia yote tangu mwanzo. Jumamosi, chupa, jiko la chai. Mumeo, nikamwambia, ndiye peke yake katika karakana ile aliyekuwa anaisafisha mashine, na mimi ndiye niliyekuwa naichafua, na nilimtwika lawama mbele ya watu. Nilipomaliza, alikuwa analia bila sauti, maharage yanalowana.

"Nilimuuliza mara tatu kama ni kweli," akaniambia. "Mara ya tatu hakunijibu."

Kisha aliniacha mimi akamgeukia mumewe. Alimwita kwa jina, akamwomba msamaha, na hilo lilikuwa lao wawili. Reverien aliinamisha kichwa. Sikuwa na kitu cha kufanya pale. Niliweka sukari na sabuni pembeni ya mlango, nikaaga, wakaitikia wote wawili bila kugeuka. Kwetu huku mgeni husindikizwa mpaka barabarani, hata aliyekuja kwa shari. Nilitembea peke yangu mpaka kituo cha magari.